Halua kwa Kila Ubeti

Kila alasiri Nyamvula akirudi kutoka shule alipita moja kwa moja hadi kwenye mtungi wa uani, akachota maji, akanawa mikono na miguu, kisha akaikagua kata isije ikawa imeshikwa na mtu mwenye mikono michafu. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kinyaa chake kilijulikana mtaa mzima pale Likoni. Hakunywa katika bilauri aliyonywea mtu mwingine. Inzi akitua kwenye wali wake, wali huo walipewa kuku. Mamake alizoea kumtania kwamba siku moja ataolewa na mche wa sabuni.

Mwaka ule, muda mfupi kabla ya Uhuru, kinyaa chake kilipata kazi nyingi. Mamake, Bi Mwanasaumu, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na kwa desturi alikaa ndani akingoja arobaini. Nyumba ilinuka maziwa yaliyocheuliwa na vitambaa vya mtoto. Zaidi ya hayo kulikuwa na Boga, mdogo wake wa miaka mitano, ambaye kamasi zake hazikujua kiangazi wala masika. Nyamvula alimpenda, lakini alimpenda kwa mbali.

Siku moja mama alimwita kutoka chumbani.

"Nyamvula!"

"Abee, mama."

"Njoo ukae hapa. Bado unaukumbuka Utenzi wa Kisima?"

Aliukumbuka wote. Ulikuwa utenzi wa zamani, ambao mama aliupokea kwa mamake, naye kwa nyanyake. Mama aliwafundisha watoto wake wakati wa kukuna nazi. Alikaa juu ya mbuzi, akaanza na kisa: kijiji chenye kisima kimoja, jumbe mkatili aliyekifunga kwa kufuli, na mtoto wa kike aliyekwenda peke yake kukifungua. Akishamaliza kusimulia kipande cha siku hiyo, ndipo alipoimba ubeti mmoja au beti mbili za kipande hicho. Mtoto akitaka zaidi aliambiwa angojee nazi ya kesho. Nyamvula alipokuwa mdogo aliwahi kulia kwa sababu siku hiyo walikula mchuzi usio na nazi.

"Boga naye amefika umri wake," mama alisema. "Mimi siwezi kutoka humu. Mfundishe wewe. Siku ya arobaini shangazi zako watakuja, na mimi nataka wamsikie. Sitaki utenzi huu ufe mikononi mwangu."

"Inshallah, mama. Nitamfundisha."

Kesho yake alimkalisha Boga kwenye jamvi. Nje wenzake Nyamvula walikuwa wameanza kuruka kamba, na kila walipocheka roho yake iliruka nao. Kisa kilikuwa kirefu. Nyamvula aliona hakuna haja ya kukisimulia. Kilichotakiwa siku ya arobaini ni beti, basi apewe beti.

"Sema nyuma yangu," alimwambia.

*Kisima kimefungiwa,*
*na kufuli limetiwa,*
*watoto wanauliwa*
*na kiu, huku walia.*

Boga alikuwa akimtazama kuku.

"Sema!"

"Sitaki."

Akatia kidole puani, akakizungusha, akakitoa, akakipangusa kwenye jamvi, karibu kabisa na goti la dadake. Nyamvula aliruka pembeni akitema mate.

"Aka! Mtoto mchafu we!"

Siku tatu zilipita hivyo. Boga hakushika hata mstari mmoja, na Nyamvula hakuruka kamba hata mara moja. Ndipo alipoukumbuka mkebe. Kila mgeni aliyekuja kumwona mtoto mchanga alileta kitu kitamu: halua, kashata za nazi, visheti. Vyote viliwekwa kwenye mkebe mkubwa wa biskuti juu ya kabati, vingojee arobaini. Nyamvula alipanda kiti, akakata kipande cha halua, akakifunga kwenye pindo la leso yake.

"Boga, ukisema ubeti huu wote, kipande hiki chako."

Boga alisema ubeti wote. Aliusema haraka, kichwa juu, macho yakiwa kwenye pindo la leso, na alipofika mwisho kiganja kilikuwa kimeshatangulia mbele. Nyamvula alifurahi hata akacheka. Kazi iliyomshinda siku tatu ilikwisha kabla kamba haijapumzika.

Tangu hapo ikawa ndiyo bei yao. Ubeti mmoja, kipande kimoja. Ubeti wa zamani ukirudiwa bila kosa, kashata. Boga aliilamba halua hadi kwenye vifundo vya vidole, kisha akavipangusa vidole hivyo kwenye nywele zake, na inzi wakamfuata kila alikokwenda. Nyamvula alikaa mbali naye, leso puani, akihesabu beti.

Mama alipoisikia sauti ya mwanawe kutoka uani moyo wake ulitulia.

"Umemsimulia kisa?" aliuliza jioni moja.

"Nimemsimulia, mama."

"Na kinampendeza?"

"Kinampendeza sana, wallahi."

Neno hilo la mwisho lilimtoka kabla hajalifikiri. Alihisi vibaya kidogo, akatoka kwenda kunawa mikono ambayo haikuwa na uchafu.

Wiki chache baadaye Boga alianza kula upande mmoja. Akitafuna kitu kigumu alishika shavu. Nyamvula alimwambia afumbue kinywa, na alichokiona kilimfanya ageuke haraka. Jino la nyuma lilikuwa na shimo jeusi, ufizi kando yake ulikuwa mwekundu na umevimba, na harufu iliyotoka humo ilikuwa ya kitu kilichokufa.

"Linauma," Boga alisema. "Nimwambie mama?"

Nyamvula aliuwaza mkebe, ambao sasa ulikuwa umebaki nusu. Aliwaza arobaini, aliwaza maneno aliyomwapia mama.

"Usimwambie. Bana karafuu hii kwenye jino, itapoa. Arobaini ikishapita tutamwambia."

Boga alibana karafuu. Beti ziliendelea, na halua pia, kwa sababu bila halua Boga hakuwa tayari kusema hata neno. Nyamvula alimpa kipande kwa ncha za vidole, kisha akatazama pembeni asimwone akitafuna.

Siku ya arobaini ilipofika nyumba ilijaa wanawake. Mama alitoka chumbani akinukia udi, amevaa vizuri, amempakata mtoto. Shangazi Mwanatabu, dadake baba, alikuwa amekaa mbele kabisa na leso mpya ambayo bado haijaingia maji. Baada ya dua na pilau, mama alisema kwa sauti ya kujivuna kidogo, "Sasa Boga wetu atatusomea."

Boga alisimama katikati akiwa na kanzu nyeupe na kofia. Shavu lake moja lilikuwa kubwa kuliko jingine, lakini katika shughuli zile hakuna aliyelitilia maanani. Alisoma ubeti wa kwanza bila kukosea.

"Mashallah!" wanawake walisema. "Endelea, baba!"

Boga hakuendelea. Alinyoosha mkono, kiganja juu, akamtazama dadake.

Nyamvula alitazama chini.

"Anataka nini?" mtu mmoja aliuliza.

"Halua yangu," Boga alisema. "Nimeshasema. Sisemi nyingine mpaka nipewe."

Wanawake waliangua kicheko. Mama hakucheka. Shangazi Mwanatabu, aliyedhani ni utoto tu, alimega halua kwenye sinia, akamvuta karibu na kumtilia kinywani mwenyewe. Boga alitafuna mara moja, akapiga ukelele, akatema vyote mapajani mwa shangazi. Halua ilitoka pamoja na damu na usaha wa kijani. Harufu yake ilimfikia kila aliyekuwa karibu. Mwanamke mmoja alifunika pua, mwingine akakimbilia uani kutapika pilau yake.

"Subhanallah!" shangazi alisema, mikono yake ikiwa hewani asiiguse leso. "Mtoto huyu ameoza kinywa!"

Nyamvula alijibana ukutani nyuma ya wanawake, leso usoni.

Usiku ule Boga alipata homa, na asubuhi mama alimbeba hadi zahanati, Nyamvula akifuata nyuma. Dresa, yaani mganga msaidizi wa zahanati, alikuwa Bwana Odhiambo, mtu wa bara mwenye sauti nzito. Alitia kijiti kinywani mwa Boga, akakunja uso.

"Hili jino lina wiki nyingi linaoza," alisema. "Usaha umeanza kuingia kwenye taya. Mtoto wa umri huu, taya likiharibika, mnaweza kumpoteza. Anakula nini huyu?"

"Ugali, samaki, mboga," mama alijibu. "Chai yake ina sukari kidogo, kama watoto wote."

"Mama, chai peke yake haifanyi hivi. Nataka kujua ukweli. Nani anampa vitu vitamu, na tangu lini?"

Mama alimgeukia Boga. Boga alikuwa akilia polepole, mate yakimchuruzika hadi kifuani. Alimtazama dadake, kisha akafumba kinywa. Alikuwa bado anaitunza siri yao, kama alivyoambiwa.

Hapo ndipo Nyamvula alipojichukia. Kwa siku nyingi alikuwa amemwonea mtoto huyu kinyaa, akamwita mchafu, akamkalia mbali. Uchafu wote ule aliutia yeye, kipande kwa kipande, kwa mkono alioukosha vizuri kwa sabuni.

"Ni mimi," alisema. "Nilimpa halua kwa kila ubeti. Niliitoa kwenye mkebe. Jino lilipoanza kuuma alitaka kukwambia, mama, mimi nikamkataza. Na kisa sikumsimulia hata siku moja. Nilikudanganya, na nikaapa."

"Haya," mama alisema. "Mshike mdogo wako kichwa, daktari aling'oe jino."

Nyamvula alikishika. Koleo lilipoingia, Boga alipiga mayowe, jino likang'oka, na usaha ukatoka kwa wingi ukamwagika mkononi mwa Nyamvula na kumtiririkia hadi kwenye kiwiko. Uvundo ulimpanda puani. Hakuuondoa mkono. Alimbana Boga kifuani mwake mpaka Bwana Odhiambo aliposema amemaliza, kisha akaupangusa uso wa mtoto kabla ya kujipangusa mwenyewe.

"Maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kila baada ya kula," Bwana Odhiambo aliagiza. "Asukutue mpaka kidonda kifunge. Na arudi kwa sindano kesho."

"Nitamsukutua mimi," Nyamvula alisema.

Alifanya hivyo. Baba alipopata habari alimgombeza kwa maneno makali, naye Nyamvula aliifua mwenyewe leso ya shangazi, akairudisha na kuomba radhi. Lakini kazi iliyomwelemea hasa ilikuwa ile ya kuchungulia kinywani mwa Boga kila siku, kuona shimo lile likijifunga polepole. Homa iliondoka, uvimbe ukashuka.

Jioni moja mama alikaa tena juu ya mbuzi kukuna nazi. Boga alijikalia kando, akiiba nazi iliyokunwa. Mama alianza kusimulia bila haraka: kijiji, jua kali, jumbe na kufuli lake, na mtoto wa kike aliyeona wadogo zake hawana hata machozi. Kisha akaimba ule ubeti wa kwanza.

Boga aliacha kutafuna.

"Mama, huo ni ubeti wangu."

"Ndiyo."

"Kwani hao watoto ni watoto kweli? Wanakufa kwa kiu?"

"Ndivyo utenzi unavyosema, mwanangu."

Macho ya Boga yalijaa machozi. Ubeti ule alikuwa ameusema zaidi ya mara hamsini, na kila mara alikuwa akitazama pindo la leso. Nyamvula alishindwa kumwangalia.

Mama aliweka chini kifuu cha nazi.

"Nyamvula, jino litaota jingine, Mungu akipenda," alisema. "Lakini ulitaka kuniibia kitu kikubwa kuliko halua. Mtoto hafundishwi utenzi ili watu wapige makofi. Anafundishwa ili moyo wake uwajue watu ambao hajawaona, awalilie, awaogopee. Hilo linataka muda wako, kukaa naye karibu, kamasi zake na maswali yake. Wewe uliuona muda wako ni ghali mno kumpa Boga, ukampa sukari badala yake. Kisha ukauficha uongo mpaka ukatoa usaha. Kazi ya njia ya mkato huwa inarudiwa, na wewe utairudia. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama. Nisamehe."

"Mwombe radhi mwenyewe."

Nyamvula alisogea kwenye jamvi mpaka goti lake likagusana na la Boga. Pua ya mtoto ilikuwa ikichuruzika. Alichukua pindo la leso yake, lile lile, akampangusa.

"Nisamehe, Boga."

Boga hakuwa na habari na msamaha. Alimshika dadake mkono kwa vidole vyenye nazi.

"Walipata maji?" aliuliza. "Niambie. Huyo msichana alifika?"

Nyamvula alimtazama mama, na mama akaitikia kwa kichwa kumruhusu. Nje wenzake walikuwa wakiimba na kamba. Nyamvula alikunja miguu, akakaa vizuri, akaanza kumweleza jinsi msichana yule alivyofika kisimani akiwa hana taa wala silaha, kisha akaimba:

*Kufuli akalishika,*
*mkono ukachubuka,*
*damu ikamdondoka,*
*wala hakuliachia.*

"Kisha?" Boga aliuliza.