Gunia la Ulezi Mfupi

"Zaituni, jibu! Siraje amepita Malukhu. Peugeot nyeupe. Ana bastola!"

Sauti ya Burhan, mwenzake kazini, ilikwaruza ndani ya redio ya Motorola.

"Wanajeshi wako wapi?"

"Barabara ya Kenya. Toka hapo, dada!"

Atoke? Bila mbegu? Wapi!

Zaituni, jasusi wa serikali, alikuwa amepiga magoti kwenye stoo ya Namono, mpika malwa, pombe ya ulezi, wa Namatala. Mbele yake, vigunia vinne vinavyofanana kama mapacha. Kimoja kina mbegu ambayo Siraje aliiba kituo cha utafiti Jinja. Vita vilichoma mashamba yote ya majaribio, ikabaki hiyo tu: ulezi mfupi, ambao upepo wa Elgon haulazi chini. Siraje akiuvusha mpaka, basi. Wakulima hawana kitu.

Lakini kipi?

Jamani, Siraje alificha mbegu kwa mpika malwa! Hao huotesha kila ulezi unaoingia nyumbani, waone kama utatoa kimea. Namono alishaotesha kiganja cha kila kigunia, cha Siraje pia. Na siku tatu zilizopita Zaituni aliinyunyizia miche yote dawa ya Daktari Lilavati wa Jinja, homoni ya kurefusha mimea.

Miche ya vigunia vitatu ilirefuka kama shingo za korongo.

Ya kigunia cha nne, wapi!

Jeni yake haisikii homoni. Ndiyo yenyewe!

Akahamisha mbegu kwenye mfuko mtupu. Akajaza kigunia ulezi wa pombe. Akafunga fundo.

Injini nje. Namono akasimama mlangoni.

Zaituni akajibanza nyuma ya mtungi, bastola yake ya Walther mkononi.

"Mama, mzigo yangu iko?" Siraje akauliza.

"Iko, bwana. Kwani ulezi iko na miguu?"

Siraje akashika fundo. Akaligeuza.

"Nani amegusa hii?"

Bastola ikagusa kifua cha Namono.

Zaituni akainua Walther.

"Mimi, afande! Unaleta ulezi kwa nyumba ya malwa, unafikiri nitaiangalia tu? Nimeotesha kidogo. Ona!"

Akamwonyesha ile miche mirefu.

Siraje akacheka. "Kumbe mbegu yangu ni nzima!"

Akabeba kigunia, Peugeot ikaondoka.

"Burhan. Anakuja kwenu. Mkamateni."

"Na mbegu?"

Zaituni akarudisha Walther kiunoni. Akajitwika mfuko kichwani kama mama yeyote wa soko.

"Mwambie daktari alime," akasema, akaelekea basi la Jinja.