Upande wa Chini wa Mlango

Kila akirudi shuleni, Chapuchapu alivua sare, akala chakula alichofunikiwa, kisha akaenda uani kumsaidia mama yake. Chapuchapu halikuwa jina la kweli la msichana huyo. Alibandikwa hilo na mjomba wake kwa sababu kila kitu alikifanya mbio. Aliosha vyombo mbio, aliandika mbio, na mjomba alidai kwamba hata chafya alipiga mbio asichelewe kwenda kucheza.

Mama yake alikuwa fundi rangi. Mwezi huo alikuwa na kazi ya milango minne ya mbao ya zahanati. Milango yenyewe ilitengenezwa na mjomba, kaka mkubwa wa mama, ambaye alikuwa seremala. Ingekaa upande wa nje, ikipigwa na jua na mvua, na muuguzi mkuu alikuwa amesema kwamba ikipendeza, mama atapewa na madirisha yote.

Mama hakuwa na pupa. Kwanza aligusa kila ubao kwa mgongo wa mkono kuona kama una unyevu. Kisha alipiga msasa palipokuwa laini kama kioo, maana hapo rangi haina pa kushika. Penye macho ya mbao, pale matawi yalipokuwa yameota, alikwangua utomvu, akapaziba, ndipo akaanza kupaka.

Siku moja kabla ya milango kutundikwa, mama aliitwa kwenda kupima kazi nyingine. Akamwachia Chapuchapu kopo la rangi ya kwanza na brashi ndogo. Kazi ilikuwa moja tu: kupaka upande wa chini wa milango yote minne, mara mbili, mpaka mbao zishibe.

Chapuchapu alipaka mlango wa kwanza, akapaka na wa pili. Alipokuwa akiuvuta wa tatu, wenzake wakamwita kutoka nje. Walikuwa wanagawana timu za kuruka kamba.

"Tunahesabu mpaka kumi," mmoja alisema. "Usipotokea tunamchukua dada yangu, na yeye akiruka ni kama gunia la mkaa."

Chapuchapu akacheka. Akatazama milango miwili iliyobaki. Ikishatundikwa, nani atalala chini kuchungulia huko? Labda sisimizi. Akaosha brashi, akafunika kopo, akatoka. Jioni mama alipomuuliza kama amemaliza, alijibu kwamba amemaliza, bila hata kumeza mate.

Asubuhi mjomba akaja, akaitundika milango. Iling'aa vizuri. Muuguzi mkuu aliifungua na kuifunga mara kadhaa, akatabasamu.

Kisha mvua zikaanza. Mwezi wa pili wa mvua muuguzi akamwita mama. Milango miwili ilikuwa mizima kama siku ya kwanza. Lakini miwili mingine ilikuwa imevimba chini hadi ikakwaruza sakafu, na rangi yake ilikuwa imeota malengelenge. Mama alipoigusa, ilibanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Muuguzi hakumgombeza, ila alisema kwamba habari ya madirisha wangeizungumza siku nyingine.

Mama alichuchumaa pale, akawaza. Rangi ilikuwa ya kopo moja. Brashi moja, jua moja, mvua moja. Kama vyote hivyo ni sawa, basi tatizo liko kwenye mbao zenyewe. Chapuchapu alikuwa amesimama nyuma yake. Alijua ni milango ipi. Akainama, akaanza kuokota magamba ya rangi yaliyoanguka.

Kutoka zahanati mama alikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya kaka yake.

"Kaka, mbao za milango miwili ulinipa mbichi," alisema.

"Zilikaa chini ya paa miezi minane, mdogo wangu. Nilizigeuza kwa mikono yangu."

"Basi mbona zimevimba?"

Mjomba alijaribu kutania kidogo, lakini mama hakucheka. Wakaachana bila kuagana.

Siku tatu zikapita. Mjomba, ambaye kila jioni alipita kunywa chai na kumchokoza Chapuchapu, hakuonekana. Mama alikunywa chai yake peke yake akitazama ukuta. Siku ya nne, binti wa mjomba alimsimulia Chapuchapu shuleni kwamba baba yake ametoa mbao nzuri alizotunza miaka mitatu za kutengenezea kitanda. Anataka kuzikata atengeneze milango mingine miwili, ili asisemwe kwamba amemwangusha dada yake.

Siku hiyo Chapuchapu hakuelewa somo hata moja. Kengele ya mwisho ilipolia, alikimbia hadi karakana. Mjomba alikuwa ameshauweka ubao wa kwanza mezani, na msumeno uko mkononi.

"Mjomba, usikate," alisema akihema. "Mbao zako hazina kosa. Ni mimi. Ile milango miwili sikuipaka chini."

Mjomba aliuweka msumeno. Hakupiga kelele. Aliokota kipande cha ubao, akadondosha tone la maji juu ya ubapa wake. Tone likakaa. Akakisimamisha, akadondosha lingine kwenye kichwa chake, pale kilipokatwa. Tone likazama.

"Mti ukiwa hai hupandisha maji kwa vijibomba vyembamba," alisema. "Ukikatwa, vijibomba vinabaki. Hapa kwenye kichwa vyote viko wazi. Maji yakishaingia, jua likiwaka yanatafuta pa kutokea, yanaisukuma rangi kutoka ndani. Na mimi nilipotundika sikuinama kutazama. Nilikuamini."

Neno hilo la mwisho lilimchoma Chapuchapu kuliko fimbo. Mjomba akavaa viatu, akamwambia waende nyumbani, lakini mbele ya mama atasema mwenyewe.

Akasema. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha, kabla ya kumgeukia binti yake, alimgeukia kaka yake.

"Nisamehe, kaka. Nilikuhukumu bila kuichunguza kazi niliyoisimamia mimi."

Mjomba alisema yamekwisha, ila deni lake la chai ni la siku nne, na anataka alipwe zote leo.

Siku iliyofuata mama alimweleza muuguzi ukweli wote. Milango miwili ikashushwa, ikawekwa kivulini penye upepo mpaka ilipokauka kabisa. Chapuchapu alikwangua rangi iliyobanduka, akapiga msasa, akapaka upande wa chini mara mbili, polepole. Wenzake walimwita kwenye kamba. Akawaambia waendelee tu. Mvua zilipopita tena, hakuna kilichovimba, na muuguzi akampa mama madirisha.

Jioni ya siku ya kwanza ya kazi hiyo, mama alimketisha Chapuchapu pembeni yake.

"Kuacha kazi katikati lilikuwa kosa dogo," alimwambia. "Ungeniambia jioni ile ile, tungeimaliza kabla ya chakula. Uliposema umemaliza, ukakaa kimya na mjomba wako akilaumiwa, ndipo likawa kubwa. Kazi ifanye yote, hata pale ambapo mtu hataona. Na siku ukishindwa, niambie umeshindwa. Kwa hilo sitakupigia kelele."

"Nimesikia, mama," Chapuchapu alisema. Kisha akavuta pumzi. "Na madirisha uliyonipa leo, moja bado sijalipaka chini. Nilichoka."

Mama alimtazama, akainuka, akachukua brashi mbili.