Kibao cha Kambo Kyabu

Enyi watu wa Kamina, nyumba ya Papa Philémon mnaijua: ni ile yenye dirisha lililopigiliwa mbao. Sikilizeni kilichoipata.

Mwaka 1996 kwaya yetu ya Kimetodisti ilisafiri kwa treni hadi Bukama, kisha kwa boti juu ya mto Lualaba. Tulishuka Mulongo siku moja kutazama mambo ya wazee wetu. Asubuhi ilikuwa tulivu, wavuvi wakiyacheka majoho yetu. Kyabu, bibi kipofu ambaye wote walimwita Kambo, yaani nyanya, akatuonyesha lukasa: kibao cha mti kilichojaa shanga. Vidole vyake vilitembea juu yake, tak, tak, akitaja nani alizaa nani, na nani asimwoe nani.

"Kambo, minyi mutoto ya Mama Ngoyi, niko wapi hapo?" Philémon, mwenzetu wa kwaya, alidhihaki. Alikuwa karani wa biro, yaani ofisi.

"Ngoyi iko hapa, karibu na shanga nyeusi. Siku utaoza mutoto, njo utanitafuta."

"Siye tuko na makaratasi kwa biro, Kambo!"

"Panya banakula karatasi, papa."

Tukacheka. Kwao mgeni husindikizwa hadi majini, na mlango huachwa wazi. Kuufunga ni kumwita mgeni mwizi. Kyabu akatusindikiza akiimba. Philémon akasema amesahau kofia, akarudi mbio. Alipotufikia, mfuko wa joho lake ulikuwa umefura. Niliuona. Nikanyamaza.

Kibao kile alikibadilisha kwa mchuuzi mpita njia, akapewa redio ya kaseti. Tangu siku ya kwanza, chini ya sauti ya habari, mkewe Élisa alisikia tak, tak.

"Papa Mira, kuna muntu anagonga dirisha."

"Ni betri, mama. Lala."

Kisha vita vikaja. Wakimbizi kutoka pande za ziwa, mashariki, walijaa madarasani mwetu, na kati yao alikuwa Seth, mwalimu kijana. Akampenda Mira, binti wa pekee wa Philémon. Wajomba wa Seth walikuwa watu wa Mulongo. Wakasema: hakuna mahari kabla Kyabu hajatuambia kama hawa ni damu moja.

Kyabu, naye mkimbizi, aliletwa kwa baiskeli. Akaketi sebuleni, vidole vikitembea juu ya paja tupu.

"Kibao yangu ilipotea. Ngoyi... shanga nyeusi ilifuatana na nyeupe? Ao nyekundu?"

Mira akapiga magoti. "Sema tu ndiyo, Kambo!"

"Mutoto, niseme ndiyo, uzae na ndugu yako?"

Hapo redio, iliyokuwa imezimwa, ikalia: tak, tak.

Kyabu akageuza uso. "Nani anasoma pale?"

Philémon akaanguka chini. "Ni minyi, Kambo. Njo minyi niliiba."

Wajomba wakainuka bila kugusa maji waliyopewa. Seth akaenda Lubumbashi, hakuandika. Kyabu alifariki kabla ya mvua kuisha. Philémon aliivunja redio kwa shoka, akapigilia mbao dirishani, lakini ile sauti haikuondoka. Leo Mira huketi mezani, kucha zake zikigonga mbao, akiwatafuta watu wake asiowajua.

FUNZO

Anayeuza kumbukumbu ya wazee huwafungia watoto wake mlango. Mlango ulioachwa wazi kwa heshima, upite kwa heshima. Nawe uliyeuona mfuko umefura ukanyamaza, usijioshe mikono. Mimi pia nausikia ule mlio, tak, tak, juu ya meza ninapoandika.