Mlango Uliorithi Jina

"Na mlango wenyewe kautunga yeye, jamani, kautunga kwa mkono wake!"

Mfagizi alikuwa amekaa chini kwenye korido, ndoo imempindukia miguuni, maji yanatambaa mpaka kwenye viatu vya Inspekta. Inspekta hakuvisogeza. Macho yake yalishafika ndani ya chumba cha seva, kwa kijana aliyelala kifudifudi, mkono mmoja umenyooka kuelekea mlangoni kama mtu anayeomba apishwe.

Ofisini walimwita Mpole. Alikuwa mtunga programu, na kampuni yao iliuza programu za kuendesha majengo: milango, taa, ving'ora, gesi ya kuzimia moto. Asubuhi hiyo, mvua inanyesha bila haraka wala huruma, king'ora kililia kwenye chumba cha seva. Moto haukuwepo. Gesi ilitoka, ikafukuza hewa yote, na mlango uliotakiwa kufunguka wenyewe ukakaa vilevile, umenuna. Mlinzi aliuvunja kwa nondo. Alimkuta Mpole hana uhai.

Daktari wa polisi alipiga magoti, akainua mkono wa kulia wa marehemu.

"Kakosa hewa. Na tazama kidole hiki."

Ukucha ulikuwa umepasuka. Kitufe cha dharura kando ya mlango kilikuwa na damu.

"Alibonyeza," Inspekta akasema.

"Alibonyeza mpaka mwisho."

Sasa, huyo mkurugenzi wa kampuni! Alikuwa na jibu kabla hajaulizwa swali. Akamwambia Inspekta kwamba programu ya mlango ina jina la mtungaji, na jina ni la marehemu, kwa hiyo ni uzembe wa marehemu, Mungu amrehemu, na kampuni haina la kujibu. Eti alishawapigia ndugu zake kuwaarifu hivyo hivyo, na kifo na kosa, vyote kwa simu moja.

Ndiyo maana Inspekta aliporudi kituoni alimkuta mama wa marehemu kwenye benchi la mapokezi, ameloa, ameshikilia kiatu kimoja kilichokatika ukanda. Hakulia. Alisema taratibu, kama mtu anayehesabu pumzi zake.

"Wameniambia mwanangu kajiua kwa uzembe. Mtoto aliyekuwa anarudi kukagua jiko la gesi wakati mimi nishalikagua. Nitamzika, afande, sikatai. Ila nisimzike na hilo neno."

Inspekta alikuwa na miaka mingi kazini na hakuwa na desturi ya kuahidi. Akamwinamia, akamfungia ule ukanda wa kiatu kwa fundo, akanyanyuka. Hiyo ilikuwa ahadi.

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa Shemeji. Ofisi nzima ilimwita hivyo kwa sababu kamwoa dada yake Mpole, na yeye ndiye aliyemtafutia kazi pale. Macho yalikuwa mekundu, shati kalifunga vifungo kombo.

"Nieleze kazi yenu," Inspekta akamwambia. "Nieleze kama unavyomweleza mama mkwe."

"Mama mkwe anaelewa haraka, afande."

"Basi kama unavyomweleza mkurugenzi."

Shemeji alitaka kucheka, akakumbuka msiba, akaanza kufunga upya vifungo vya shati.

Akaeleza. Hawatungi programu upya kila wakipata jengo. Wanatunga vipande, kila kipande kinajua kazi yake moja, wanaviweka kwenye stoo yao ya pamoja. Mwenye jengo jipya la kushughulikia anaingia stoo, anachukua mlango, anachukua king'ora, anachukua gesi, anaviunganisha. Haulizi kipande kimetengenezwaje ndani. Kufungua kipande cha mwenzako na kuchungulia kwao ni kama kufunua sufuria za jirani. Unachotakiwa kujua ni jina lake na neno la kukiambia.

"Mlango unaambiwaje?"

"Fungua. Basi. King'ora kikilia kinauambia fungua. Kadi yako ukiigusisha, fungua. Utafungukaje, hilo mlango ndio unaojua."

"Na kitufe cha dharura?"

"Neno hilo hilo."

"Kwa hiyo mlango ukikataa..."

"Umewakatalia wote." Shemeji akafuta pua kwa kiganja.

"Na ukitaka mlango wenye tofauti kidogo?"

"Hutungi mwingine. Unazaa kipande mtoto juu ya kile cha mwanzo. Kinarithi kila kitu cha mzazi, wewe unabadilisha lile moja unalotaka."

"Hata jina la mtungaji kinarithi?"

"Hata jina. Nani ana muda wa kulibadilisha?"

Inspekta akaacha kuandika.

Akamwita fundi wa kitengo cha makosa ya mtandao, akamwambia avunje hiyo adabu yao ya kutochungulia. Fundi akachungulia. Na alichokuta, wacha we! Mlango wa Mpole, ule wa asili, ulikuwa stoo, mzima, hauna hata kasoro, ukiambiwa fungua unafungua. Lakini chumba cha seva hakikuwa na huo. Kilikuwa na mtoto wake, anaitwa Mlango Mzito. Karithi kila kitu kwa mzazi, jina la Mpole likiwa juu kabisa, isipokuwa mahali pamoja tu. King'ora kikilia, Mlango Mzito ukiambiwa fungua, unakaa umefungwa.

"Hilo si kosa la kupitiwa," fundi akasema. "Hilo mtu kalikusudia."

"Nani?"

"Hapo ndipo pagumu. Wote wanaingia stoo kwa nywila moja."

Mwenye kuitunza stoo alikuwa mama mmoja wa makamo, mkongwe kuliko wote pale, miwani imefungwa uzi shingoni. Bibi Stoo, ndivyo walivyomwita. Alimkaribisha Inspekta kiti chake mwenyewe, yeye akakaa kwenye boksi la karatasi.

"Marehemu mlihusianaje?"

"Nilimfundisha kazi."

"Mliwahi kugombana?"

"Na Mpole? Ukimkanyaga, anakuomba radhi yeye."

"Alifuata nini kwenye chumba cha seva?"

"Majaribio. Akitunga kipande kipya anakijaribu kwa mwili wake. Anasimama ndani, anapiga king'ora, gesi inasubiri kidogo, mlango unafunguka, anatoka. Nilimkataza. Akaniambia, mama, skrini haina mapafu."

"Nani alijua ana tabia hiyo?"

"Ofisi nzima, mwanangu."

Ofisi nzima. Jibu la namna hiyo humchosha mpelelezi kuliko uongo. Inspekta alisimama dirishani, akatazama mvua ikilowesha magari ya kampuni, akawaza. Kwenye alama za vidole hapatikani kitu, kwenye nywila hapatikani kitu. Kinachobaki ni mwili wa mtu. Marehemu alikuwa sahihi, skrini haina mapafu. Wala haina hofu.

Jioni akawaita wote watatu kwenye chumba cha mikutano: mkurugenzi, Shemeji, Bibi Stoo. Akafunga mlango, akaanza kuwauliza mambo ya kawaida kabisa, nani alifika saa ngapi, nani alikunywa chai na nani. Hakuwaambia kwamba fundi wake, huko nje, ameubandika Mlango Mzito kwenye mlango wa chumba hicho hicho.

King'ora kikalia.

Kitasa kikajifunga, *ta*. Mkurugenzi akaruka na kiti chake, akafika kwenye kitufe wa kwanza, akakibonyeza kwa kiganja. Shemeji akamsukuma pembeni, akabonyeza yeye, akabonyeza tena na tena, huku analia kwa sauti, maana sasa alikuwa anajua shemeji yake alikufa vipi. Humo ndani hapakuwa na gesi, wote walijua. Mikono yao haikujua.

Bibi Stoo alikaa pale pale. Hakukigeukia kitufe hata kwa jicho.

King'ora kikazimwa, mlango ukaachia. Inspekta akavuta kiti, akakaa mbele yake, magoti yanakaribia kugusana.

"Wenzako wamekimbilia kitufe."

"Mimi mtu mzima. Sikimbii ovyo."

"Hukukitazama. Mtu asiyejua hukitumaini kitufe, mama. Wewe ulishajua hakisaidii."

"Hayo ni mawazo yako."

Na kweli yalikuwa mawazo tu, Inspekta alijua hakuna hakimu atakayeyapokea. Lakini kabla hajajibu, Shemeji aliuliza kutoka kule mlangoni, mlango huu unaitwaje. Inspekta akamtajia jina.

Shemeji akateleza ukutani mpaka akakaa sakafuni.

"Mlango Mzito nimeuchukua mimi. Jana jioni. Niliukuta stoo, nikaona jina la Mpole juu, nikasema mlango wa Mpole hauna shaka. Nimeuweka hospitali. Wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya siku zao."

Bibi Stoo alivua miwani, ikaning'inia kwenye uzi.

"Umeuweka wapi?"

"Wodi ya njiti, mama. Sikuufungua. Wewe ndiye uliyetufundisha tusifungue."

Hapo ndipo alipovunjika. Hakupiga kelele. Alisimama, akaenda kwenye kompyuta ya mezani, akaandika kwa haraka ya ajabu amri za kuuondoa wodini, na huku anaandika anasema, ni wangu, niliuzaa mimi, niliuweka kwa chumba kimoja tu, nilitaka kuufuta nikakuta polisi wameshazagaa. Fundi wa polisi alisimama nyuma yake akifuatilia kila neno, Inspekta ana simu sikioni na muuguzi wa zamu, mlango wa wodi umezuiwa kwa kitanda usijifunge. Mpaka muuguzi aliposema wamepiga king'ora na mlango umefunguka, ndipo Inspekta alipotoa pingu.

"Kwa nini, mama?"

Bibi Stoo alizitazama pingu kama anazisoma.

"Stoo yote niliitunga mimi. Taa yangu, king'ora changu, gesi yangu. Majengo yanasimama kwa vipande vyangu. Akaja yeye. Akawa anakitoa kimoja, anaweka chake. Wiki nyingine kingine. Na kila akikitoa anakuja mezani kwangu, ananiomba ruhusa kwa adabu, ananiambia mama, hiki kimezeeka kidogo. Nami naitikia. Ulibaki mlango. Leo alikuwa anautoa mlango, afande. Ningebaki natunza stoo ya mtu mwingine."

"Ungemwambia umeumia."

"Angeniomba radhi." Machozi yakamtoka. "Ningemjibu nini?"

Mkurugenzi alikuwa anatazama sakafu. Inspekta alimkabidhi simu, akamwambia aipigie ile nyumba tena, aseme kwamba alichokisema asubuhi si kweli, kwa sauti ile ile. Kisha mwenyewe akaenda.

Nyumba ya msiba ilikuwa na taa moja, viti vya plastiki vimeloa nje. Mama alikuwa macho. Inspekta akakaa mkekani karibu naye, akamwambia kwamba mlango wa mwanawe ulikuwa mzima, kwamba mtu mwingine alitunga mwingine akauacha na jina lake. Mama akamshika mkono, akaubana, muda mrefu.

"Kumbe hakuwa mzembe."

"Hapana, mama. Hakukosea popote."

Mama akashusha pumzi, akatazama huku na huku.

"Yule mama wa kazini kwake, aliyemfundisha, alikuja mchana na ndugu wengine. Kaniogesha mwenyewe, kanilisha uji kwa kijiko. Kasema atarudi jioni alale na mimi. Mbona simwoni?"

Inspekta akamvutia mama shuka mabegani.

"Jaribu kulala kwanza, mama. Kesho asubuhi nitakuja, nitakaa hapa hapa, nikuambie yaliyobaki."