Nafasi ya Noreen Chini ya Mnara wa Saa

Alhamisi hiyo jibini za Noreen Thwaite zilianza kunuka ng'ombe. Si maziwa, ng'ombe mzima, aliyenyeshewa. Na uwanja wa soko wa Skelbeck haukuwa umeona ng'ombe tangu mnada wa mifugo uhamishiwe nje ya mji, kando ya barabara kuu.

Noreen alisugua meza kwa siki. Wapi! Wateja walifika karibu, wakakunja pua, wakapinda kwenda kwa muuza samaki, tena samaki wenyewe wa juzi. Wiki iliyofuata, yaleyale. Iliudhi, we acha tu. Nafasi ile chini ya mnara wa saa ilikuwa ya mama yake na ya bibi yake, na baraza la mji lilishamwonya kwamba meza isiyouza itapewa mwingine.

Mumewe, Clifford, alishikilia kwamba ni mtaro. Akauzibua, akalowa bure.

Alhamisi ya tatu, mchana kweupe, Noreen alisikia kwato zikigonga mawe nyuma yake, akageuka asione kitu, kisha pumzi nzito ikamjia sikioni, ikaanza kunong'ona bei, ikipanda na kushuka na kupanda tena, bila kukoma, hata uoga ukamchosha, hasira zikampanda, akanyoosha kiganja hewani.

"Unaitaka nafasi hii? Haya, chukua, uniache nipumue."

Kiganja kibichi, baridi, kikapiga chake.

Wauza mifugo wa Skelbeck hawaandikiani. Viganja vikishapigana, mauzo yamekamilika, na hilo Noreen alilijua tangu utotoni. Alikimbilia kanisani na aproni yake.

Kasisi Hallam alimsikiliza, akafunga kitabu cha sala.

"Mkono uliunyoosha mwenyewe?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nilikuwa nimechoka, Kasisi."

"Aliyevamia ningemfukuza, mama. Huyu amenunua."

Aliporudi sokoni, foleni ilikuwa imeizunguka meza yake. Clifford alikuwa akifunga jibini kwenye karatasi, akicheka na mtu wa mabega mapana aliyempa Noreen mgongo. Noreen akawapenya watu, akamshika mumewe mkono. Clifford akautoa mkono wake taratibu, kwa adabu.

"Samahani, mama, foleni inaanzia kule nyuma," alisema, akimwelekeza kwa kidevu yule wa mabega mapana. "Mke wangu atakuhudumia sasa hivi."