Shingo ya Shangazi

Kila asubuhi Shangazi alipakia kreti za mikate kwenye gari la kiwanda, kisha akanipakia mimi na mkoba wangu. Shule yangu ilikuwa njiani mwake. Madereva wenzake, wote wanaume, walimwita Mama Shingo, maana hakuingia barabara kuu kabla ya kugeuka na kuchungulia nyuma ya bega. Aliwajibu, "Ninayo moja tu, naitunza."

Siku hiyo tulichelewa kutoka. Nilikuwa nimechelewa mara mbili wiki ileile, na mwalimu wa zamu alikuwa ameahidi kunisimamisha mbele ya shule nzima. Kwenye njia fupi ya kuingilia barabara kuu, Shangazi aliwasha indiketa, akaongeza mwendo ulingane na wa magari ya kule. Nyuma yetu lori jingine la kiwanda likapiga honi mfululizo.

"Ingia, Shangazi! Kuko wazi kabisa!" nilisema. Ukweli ni kwamba nilikuwa natazama saa tu.

Shangazi alitazama kioo cha pembeni. Hakikuonyesha kitu. Akageuza shingo, na papo hapo akaondoa mguu kwenye mafuta. Pikipiki ilichomoza ubavuni mwetu, mahali kioo kisipofika: baba mbele, mtoto nyuma amemkumbatia kiuno.

Honi ikazidi.

"Apige mpaka imkauke!" alisema Shangazi. Akangoja pikipiki ipite, na basi lililoifuata, akaona pengo nyuma ya basi, akakanyaga mafuta. Tukaingia bila mtu yeyote kushika breki.

Mbele kidogo palikuwa na foleni. Dereva wa lile lori akasimama kando yetu, akatoa kichwa dirishani. "Mama Shingo, ulilala?"

"Ningelala, saa hizi ungekuwa unaokota watu lamini!"

Yule bwana akapandisha kioo.

Tulifika getini kengele imekwisha kulia. Sikushuka. "Shangazi, nilisema uongo. Sikutazama."

"Najua. Ndiyo maana nilitazama mwenyewe." Alinishika bega. "Usiseme kuko wazi kama hujaona. Na siku utakaposhika usukani, washa indiketa, tazama kioo, geuza shingo, kisha ingia pengo likitosha. Wakikucheka, wacheke. Wakipiga honi, wapige. Anayekuharakisha hatakuja kukuuguza. Haya, nenda kasimame mbele ya shule, na usiinamishe kichwa."