Nilifungua Faili Moja Tu, Ndoa ya Dada Yangu Ikavunjika

"Ruguru, Mukiri amenifukuza! Nguo zangu ziko kwa barabara!"

Huyo ni dada yangu Wambeti, akilia kwa simu kutoka Mikinduri, Meru, kwa bwana yake Mukiri.

"Kwa nini?"

"Kuna listi inazunguka WhatsApp... ya watu wanaokunywa dawa za virusi vya Ukimwi. Jina langu liko! Hadi namba ya kitambulisho!"

Wapendwa, nilikata simu.

Hiyo listi niliijua. Ni mimi niliiandika.

Nilikuwa karani wa rekodi kwa kliniki ndogo ya kibinafsi huku Karurumo. Majina ya wagonjwa wote yalikaa kwa spreadsheet, ile programu ya jedwali, kwa computer yangu.

Daktari mwenye kliniki alinirukia.

"Umeuza siri za watu!"

"Haki ya Mungu, daktari, sijauza!"

Akaita fundi kutoka Embu mjini, jamaa anaitwa Mutegi. Alikaa na hiyo mashine siku nzima.

"Kuna faili ya email ulifungua, imeandikwa ratiba ya chanjo?"

"Ndio. Ilikuwa tupu, nikaifunga."

"Haikuwa tupu. Programu yako ya spreadsheet iko na kasoro. Ikifungua faili inatenga nafasi kwa memory, kumbukumbu ya mashine, lakini haipimi kinachoingia. Hiyo faili ilijaza nafasi ikafurika, ikaandika amri za wezi mahali hazifai. Kutoka hapo computer ilikuwa yao."

"Lakini sikubonyeza kitu!"

"Kufungua tu kulitosha. Update ya kuziba hiyo kasoro ilitoka Machi."

Aki ya nani... hiyo update ilikuwa inaniuliza kila asubuhi! Na mimi kila asubuhi nabonyeza "baadaye". Wagonjwa wamejaa kwa benchi, ningefanya nini?

Kumbe wezi walikuwa wamemtishia daktari awalipe pesa, naye akawapuuza. Ndio wakaimwaga listi.

Nilifutwa siku hiyo hiyo.

Sasa ngojeni niwaambie kitu sijawahi kuandika popote...

Dada yangu hana virusi.

Mwenye virusi ni mimi!

Nilipopimwa hapo hapo kliniki, miaka mitatu iliyopita, niliogopa wenzangu wa kazi wataona jina langu. Nikaandika la Wambeti, na kitambulisho chake. Nikajiambia, yeye yuko mbali Meru, atajulia wapi?

Nilienda Mikinduri nikapiga magoti.

"Shemeji, ni mimi. Dada hajui kitu!"

"Unamfunika kwa sababu ni damu yako," Mukiri akasema.

Wambeti akapimwa hospitali mbili. Hana! Akampelekea majibu.

Mukiri hata hakuyashika.

"Karatasi mtu hununua. Computer haidanganyi."

Watoto wamebaki kwa nyanya yao huko. Dada amerudi kwa mama, Kiambere. Nilienda kumwona. Aliniletea uji, akakaa mbali kidogo, akaniuliza swali moja tu.

"Majina yote ya dunia, Ruguru... mbona langu?"

Uji ulipoa bila kuonjwa.

Msomaji, ikikuuliza update, weka. Watu wako ndani ya hiyo mashine. Na kama unakunywa dawa kama mimi, zinywe kwa jina lako. Virusi si aibu.

Aibu ni kumuona dada yako akiongea na watoto wake kwa simu, wakimuuliza atarudi lini.

Na yeye anajua hatarudi.